Mrejesho: matangazo ya kanisa letu, Kadutu, Bukavu

Ndugu, aksanti kwa majibu. Niliuliza namna ya kupeleka matangazo ya kanisa bila kuyaandika upya kila Jumamosi usiku, mara nyingi umeme ukiwa umekatika. Orodha ya matangazo ya WhatsApp (broadcast list: unatuma ujumbe mara moja, kila mtu anaupata kwake peke yake) imetuokoa, ila wiki ya kwanza wamama wengi hawakupata kitu: ujumbe humfikia tu aliyehifadhi namba yako, na orodha moja inabeba watu 256. Ikabidi nisimame mlangoni baada ya ibada, simu moja moja, "Mama, leta nikuwekee namba." Mabango natengeneza kwa Canva, programu ya kuchora mabango, nabadilisha tarehe tu. Trello, programu ya kupanga kazi, tuliiacha; papa shemasi hataki kuachana na daftari lake. Kalenda ya Google bado naijaribu na wanakwaya.