Vinundu vya kroshia vinazama nyuma na kitambaa kinapanuka, nakosea wapi?

BintiNyuzi
Wadau wa kufuma, habari za leo. Nafuma mfuko wa mto wa kochi, sentimita 40 kwa 40, uzi wa pamba unene wa kati, sindano ya kroshia ya milimita 4. Nataka staili ya vinundu, ile ya nguzo (vishono virefu) tano zinazofungwa pamoja kichwani. Nimeanza na vishono 63, kinundu kila baada ya vishono vifupi vitatu. Vinundu vya mstari wa kwanza vimetokeza mbele vizuri, vya mstari wa pili vimezama nyuma. Katikati niliweka mistari miwili ya vishono vifupi. Kingine, nilipohesabu mstari ulio juu ya vinundu vya kwanza nikakuta vishono 78! Na uzi ninao madonge sita ya gramu 50 kutoka Kariakoo, utatosha?

FundiKroshia_Temeke
Dada, hesabu yako yenyewe inasema kosa liko wapi. 78 kutoa 63 ni 15, na kwenye vishono 63 kwa mpangilio huo vinaingia vinundu 15. Kila kinundu kimepata vishono viwili juu yake badala ya kimoja. Bila shaka unakikaza kwa cheni moja (kitanzi kilichovutwa ndani ya kitanzi) ukishakifunga. Ukigeuza kazi na kurudi, cheni hiyo ndiyo unayokutana nayo kwanza, na inafanana kabisa na kichwa cha kishono. Iruke, choma kwenye kichwa cha kinundu chenyewe. Ukiona inakuchanganya, acha cheni kabisa: vuta uzi ukaze, kishono kifupi kinachofuata kitakifunga.

Kuhusu kuzama: kinundu hutokeza upande usiouangalia wakati unafuma. Nguzo tano ndefu zimebanwa juu na chini, majirani zake ni vishono vifupi, kwa hiyo hazina pa kwenda ila kupinda kwenda upande wa pili. Ndiyo maana mistari ya vinundu yote ifumwe nyuma ya kitambaa ikikutazama. Mistari miwili katikati imekugeuzia upande. Weka mmoja, au mitatu, isiwe miwili.

Mpangilio wa vishono 63:
Cheni 64, anza kwenye cheni ya pili kutoka kwenye sindano.
Mstari 1 (mbele): vishono vifupi 63.
Mstari 2 (nyuma): vifupi 3, kinundu, rudia, malizia na vifupi 3. Vinundu 15.
Mstari 3: vifupi 63. Hesabu hapa, usisubiri mstari wa kumi.
Mstari 4: kifupi 1, kinundu, kisha vifupi 3 na kinundu hadi mwisho, malizia na kifupi 1. Vinundu 16, vinakaa katikati ya vile vya chini.
Mstari 5: kama wa 3. Kisha rudia 2 hadi 5.
Kila ukigeuza, cheni moja, nayo haihesabiwi.

Kinundu chenyewe: zungusha uzi, choma, vuta, una vitanzi vitatu, toa viwili, vinabaki viwili. Rudia tundu lile lile hadi nguzo ziwe tano na vitanzi sita kwenye sindano. Zungusha, pitisha kwenye vyote sita. Vikikataa kupita, vitanzi vyako vimekaza mno, usilazimishe maana uzi wa pamba utachanika nyuzinyuzi.

Mama_Vitambaa
Nakubaliana na fundi. Naongeza moja: kama unafuata video, angalia ni ya wapi. Nguzo zetu Marekani huitwa dabo na Uingereza huitwa trebo, na dabo ya Uingereza ni kishono kifupi tu. Ukifuma kinundu kwa vishono vifupi hakitokezi hata ukikisukuma kwa kidole.

Kama mto utakaliwa sana, fikiria bisi, aina nyingine ya kinundu. Unafuma nguzo tano kamili tundu moja, unatoa sindano, unaichoma kwenye kichwa cha nguzo ya kwanza kutoka mbele kwenda nyuma, unashika kitanzi ulichoacha na kukipitisha. Inatokeza upande unaoutazama. Ukiwa upande wa nyuma, choma kutoka nyuma kwenda mbele. Ni imara zaidi, ila kutoa sindano kila mara kunachosha, na kwangu kwa mto vinundu vinatosha.

BintiNyuzi
Asanteni sana, nafumua sasa hivi. Na uzi je?

FundiKroshia_Temeke
Usikisie. Fuma sampuli ya sentimita 10 kwa 10 yenye vinundu, ipime kwenye mizani ya jikoni, zidisha mara 16. Hiyo ni sura moja ya mto. Nyuma fuma vishono vifupi vitupu, uzi utapungua na mto hautayumba kwenye kochi. Jumla ya pande zote mbili ikizidi gramu zako 300, rudi dukani mapema na lebo mkononi, namba ya loti (fungu lililotiwa rangi pamoja) ifanane. Rangi ya loti mbili inaweza kutofautiana.

Mama_Vitambaa
Na pasi usiigandamize juu ya vinundu, vitalala. Laza kitambaa uso chini juu ya taulo nene, puliza mvuke bila kugusa. Kama uzi ni wa akriliki, weka pasi mbali kabisa. Ukishalainika kwa joto haurudi.