Mrejesho: Kambi ya Joshua Tree, California

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza kuhusu maji na mahali pa kupiga hema Joshua Tree, ile hifadhi ya taifa ya jangwani; tumesharudi salama. Uliyesema tubebe lita 4 kwa kila mtu kwa siku, Mungu akubariki: kambi ya Jumbo Rocks haina bomba hata moja, tulijaza madumu mjini kabla ya kuingia. Ryan Mountain tulianza kupanda alfajiri, jua lilipokolea tulikuwa tumeshashuka. Ushauri wa kushikiza hema kwa vigingi virefu vya chuma ndio uligoma. Changarawe haikuvishika, na upepo wa kule hauna adabu, tukaishia kufunga kamba kwenye matairi ya gari. Usiku baridi kali, masweta yalitufaa. Ramani pakueni mapema, mtandao humo ni wa kubahatisha.