Tupeane uzoefu: mpiga picha na mwanamichezo wake (tukimkumbuka Howard Bingham)

Ndugu zangu, salaam.

Kila ifikapo Desemba humkumbuka Howard Bingham, mpiga picha wa Los Angeles aliyefariki tarehe 15 Desemba 2016, miezi sita tu baada ya Muhammad Ali, bondia aliyemfuata na kamera kwa zaidi ya miaka 50. Somo la upigaji picha chuoni alilifeli, na kazi katika gazeti la Los Angeles Sentinel aliipata kwa kung'ang'ania. Mwaka 1962 gazeti hilo lilimtuma akampige picha Ali, bondia kijana ambaye wakati huo bado aliitwa Cassius Clay. Baadaye alimwona kijana huyo amesimama kando ya barabara na mdogo wake, akawapakia garini na kuwazungusha mjini. Gazeti lilitaka picha tu. Urafiki ulianzia kwenye ile lifti.

Kwa maoni yangu, uzito wa picha zake umetokana na hilo. Ukingoni mwa ulingo walikuwapo wengine hodari, maana hapo kila mmoja huomba mkanda wake wa picha 36 usiishe ngumi yenyewe inaporushwa. Lakini pambano likiisha wao walikimbilia kusafisha filamu, naye akabaki. Pambano la Kinshasa la mwaka 1974 lilipoahirishwa kutoka tarehe 25 Septemba hadi 30 Oktoba, kwa kuwa mpinzani wa Ali, George Foreman, alichanika juu ya jicho mazoezini, safari ya siku chache iligeuka kuwa maisha ya kambini, na maisha ya namna hiyo ndiyo Bingham aliyoyajua kuliko wenzake. Alikuwa na kigugumizi, na Ali hakuchoka kumtania. Mtu asiyependa kusema sana, nadhani, husahaulika haraka chumbani, na kwa mpiga picha hiyo ni bahati.

Ninaomba wale mliowahi kumpiga picha mwanamichezo mliyemfahamu kwa karibu, au mliokaa na mpiga picha nyumbani, mtusimulie. Mimi hasa ningependa kujua ni lini mliishusha kamera.

*Kutoka Lubumbashi*

Mimi si mpiga picha. Marehemu baba yangu alikuwa kikazi Kinshasa mwaka ule, akaingia uwanjani usiku na kusubiri hadi alfajiri, kwa kuwa pambano lilipangwa kwa saa za televisheni ya Marekani. Alihifadhi picha ya umati aliyoikata gazetini, na kila mgeni alionyeshwa kichwa kimoja kilichodaiwa kuwa chake. Sisi watoto hatukuwahi kukubaliana ni kipi. Kelele za «Ali, boma ye», yaani muue, aliziigiza hata alipokuwa mzee wa kutembelea fimbo.

*Kutoka Dar es Salaam*

Kaka, swali lako la kuishusha kamera limenigusa. Nilipiga picha za ndondi Manzese kwa miaka kadhaa, na bondia mmoja tulikua naye mtaa mmoja. Usiku aliopigwa raundi ya tatu nilimfuata chumba cha kubadilishia nguo, nikamkuta amekaa juu ya ndoo, glavu moja bado mkononi, mama yake akimfuta damu puani kwa upande wa khanga. Mwanga ulikuwa mzuri kuliko wowote niliowahi kuupata ukumbini. Nilibonyeza mara moja. Mama akaniangalia, hakusema neno, nami nikaifunga lenzi na kumshikia ile ndoo ya maji. Mhariri mmoja aliponiuliza kama nina kitu cha chumbani, nilimjibu sina. Picha ninayo hadi leo, na bondia mwenyewe ameiona mara moja tu, akacheka, akasema nimempendelea mama.

*Kutoka Mombasa*

Shikamooni wakubwa, na wadogo zangu hamjambo. Marehemu mume wangu alipiga picha za mpira kwa karibu miaka 30, na aliniachia mikebe ya biskuti iliyojaa negativu. Unyevu wa pwani haukuwa na huruma: nyingine zimegandana hata hazibanduki. Watu huja wakishatoka mazikoni, wakiuliza kama kuna picha ya baba yao akiwa mchezaji, nasi huketi barazani tukiziinua moja moja kuelekea juani. Alipoandika jina na mwaka kwenye bahasha, tunapata. Wiki jana alikuja kijana anayemtafuta babu yake aliyekuwa kipa, tukafungua bahasha iliyoandikwa «mpira, Jumapili» basi, na ndani mna makipa wanne. Amezichukua zote nne akamwonyeshe bibi yake, ambaye bado anaona vizuri.