Simba wanaowindwa kwa leseni, hivi hawataisha?

Kahawa_Tandika:
Wakuu habari za jioni. Jana kijiweni kwetu tumebishana mpaka muuza kahawa akatufukuza. Jamaa mmoja anasema simba wetu wanapigwa risasi kihalali na wageni wenye hela zao na eti hiyo ndo inawalinda simba. Mi nikamwambia Kenya walifunga uwindaji tangu 1977 na watalii bado wanajaa, akacheka akasema sijui kitu. Mwenye uelewa anisaidie, ukipiga simba kila mwaka si wanaisha jamani? Matusi sitaki.

Mzee_wa_Kambi:
Mdogo wangu, nimekula misimu saba kambi za uwindaji Selous, kabla haijamegwa 2019 kutengeneza Hifadhi ya Nyerere. Kwanza ndani ya hifadhi ya taifa hakuna kuwinda, ni mapori ya akiba, mapori tengefu na maeneo ya wazi. Na anapigwa dume tu, awe na miaka sita kwenda juu. Hiyo sita watu wanaidharau lakini ndo kila kitu, kwasababu dume mwenye familia ukimuua mapema madume wageni wanaingia na kazi ya kwanza ni kuua vitoto vyote vidogo ili majike warudi kwenye joto, kwa hiyo risasi moja umeua simba wangapi hapo? Akifika sita watoto wake wengi washajitegemea. Tulikuwa tunafunga chambo cha nyati mtini halafu tunakaa mafichoni na darubini tunakagua PUA. Kijana pua yake pinki, akizeeka inajaa madoa meusi, watafiti wa Serengeti waliliandika hili 2004. Sasa shida, mteja kalipia siku 21, siku ya 19 linatokea dume la miaka minne lina manyoya kama sultani. Hapo ndo utajua nani anaheshimu sheria.

Mbishi_wa_Sinza:
Mzee umeongea vizuri ila hujamalizia. Sheria ya umri imekuja watu washavuna sana. Kati ya 1996 na 2008 simba waliopigwa kwa mwaka nchi nzima walishuka kwa nusu, na vitalu, yaani vipande vya pori wanavyopewa kampuni za uwindaji, vilivyokuwa vinapiga wengi ndo vilivyoporomoka zaidi. Mtu ukimpa kitalu muda mfupi na hajui kama atakipata tena atamuachia nani huyo simba wa miaka minne akue? Watafiti 2011 wakashauri kwa mwaka apigwe simba mmoja tu kwa kilomita za mraba 2,000, Selous mmoja kwa 1,000. Utaona ni kidogo mno kulinganisha na tamaa ya watu.

Binti_Rufiji:
Nyie wa Dar mnajadili simba wa kwenye TV. Mie kwetu Rufiji. Mahindi yakikomaa tunahamia shamba, tunalala kwenye dungu kulinda mahindi yasiliwe na nguruwe pori, na simba naye anamfuata nguruwe, sasa akimkosa nguruwe anatukuta sisi. Yule simba waliyempa jina Osama aliua watu zaidi ya 30 kati ya 2002 na 2004, alipouawa akakutwa na jipu kubwa kwenye jino. Bibi yangu mpaka leo akisikia kitu usiku anataja jina lile. Basi mtu kapoteza mtoto au ng'ombe, kifuta machozi cha serikali kinachelewa, anapaka sumu kwenye mzoga. Asubuhi familia nzima ya simba imelala, majike, watoto, na tai juu yake. Sumu haikagui pua kaka zangu.

Kahawa_Tandika:
Aisee. Kwa hiyo tukifunga uwindaji ndo inakuwaje?

Mzee_wa_Kambi:
Wanyama wa Kenya nao walipungua sana baada ya hiyo 1977, kufunga peke yake sio dawa. Botswana walifunga 2014 wakafungua 2019. Ishu ni pori, nani analilipia lisivamiwe. Mtalii wa kamera anataka Serengeti, haendi pori la akiba la Moyowosi kung'atwa na mbung'o siku nzima asione kitu. Baada ya yule simba maarufu Cecil kupigwa kule Zimbabwe 2015, Marekani wakabana kuingiza nyara za simba, biashara ikayumba. Pori likikosa mwenyewe kinachofuata ni ng'ombe, mkaa na nyaya za mtego. Ila Mbishi yuko sahihi, kitalu kipewe mtu muda mrefu na akipiga kijana anyang'anywe, bila hivyo tunavuna tu.

Binti_Rufiji:
Babu samahani, hiyo hela ya kitalu ilikuwa inafika kijijini?

Mzee_wa_Kambi:
Nyama ya nyati ilifika, nimeigawa kwa mikono yangu. Hela mama, daftari lake sijawahi kuonyeshwa.