Tupeane uzoefu: Uarabuni ulilipwa kwa kazi au kwa pasipoti?

MlinziDoha
Wakuu, salaam. Nimerudi Dar juzi baada ya miaka minne ya ulinzi Doha. Geti moja tulikuwa wawili, mimi na mshikaji wa Nepal. Masaa 12 usiku kucha, sare ileile, kiti kimoja tunapokezana. Siku moja tukaonyeshana meseji za benki: amenizidi riyali 300! Mkataba niliosaini Dar ulisema 1,500. Nilipotua nikapewa mwingine wa 1,000, yaani kima cha chini kilekile cha sheria ya Qatar ya 2021, hata kumi haikuongezeka. Kuuliza, naambiwa Waafrika wote ndivyo. Haya, semeni yenu, na mshahara mtaje, msione haya.

BintiUnguja
Miye Muscat, kazi za ndani. Bibi mwenye nyumba kazaliwa Mkunazini, Kiswahili chake kinanishinda miye. Nikasema hapa nimefika kwa shangazi. Kumbe ushangazi ndio ulioniponza: "wewe mwanetu", basi riyali 80 za Oman zatosha. Mfilipino wa nyumba ya pili anapokea 160, na hata kupika hajui (wivu huo, nisameheni). Lakini serikali yao tangu 2006 ilishasema chini ya dola 400 haendi mtu. Yetu ilisema nini? Pasipoti yangu iliwekwa kabati la vyombo, nyuma ya mabirika. Kila nikifuta vumbi naiona.

Dereva_Likoni
Riyadh, dereva wa nyumbani, riyali 1,200. Machi 2021 Saudia ikaruhusu mtu kuhama mwajiri baada ya mwaka bila kumwomba kafili, yaani mwajiri aliyekudhamini. Nikapigia mke simu usiku huohuo. Kumbe madereva wa nyumbani tuko kapu moja na mayaya, sheria hiyo haituhusu! Jamaa niliyekuwa nikiishi naye chumba kimoja, dereva wa lori la kampuni, alihama. Mimi nikabaki nikipeleka watoto shule na kungoja garini, joto la Julai, AC marufuku eti inakula mafuta.

MlinziDoha
Pole sana kaka. Dada wa Muscat, pasipoti uliitoaje?

BintiUnguja
Nilimwambia bibi nataka kutoa kopi nimpelekee mama. Akanipa mwenyewe. Nikarudisha jalada la plastiki tu, nyuma ya mabirika palepale. Nadhani mpaka leo lipo.