Kunakili programu dhibiti ya kicheza muziki: faili la sasisho, USB au klipu?

Fundi_Langoni
Asalaam aleikum wakuu. Nina vicheza viwili mezani, niko Lamu mjini: Sansa Clip+ na kile kidogo cha Qur'ani kisicho na jina la kampuni. Nataka kuona menyu na fonti za Kiarabu zimepangwaje ndani ya programu dhibiti (firmware). Njia ninazozijua ni tatu: faili la sasisho, USB ya kuokolea, au klipu ya kubana chipu ya miguu minane pamoja na CH341A (kisomaji cha chipu cha USB). Blowa ya hewa moto ya kung'olea chipu ipo, ila iwe ya mwisho. Mngeanza na ipi?

Shela_MLD
Waaleikum salaam. Clip+ usiifungue hata kidogo. Prosesa yake ni AS3525v2 yenye kiini cha ARM926EJ-S, na faili lake la sasisho, clppa.bin, halikusimbwa. Mradi wa Rockbox (programu dhibiti huria, ulianza 2001 kwa vicheza vya Archos) una zana iitwayo mkamsboot inayopachika kianzishi chao (bootloader) ndani ya faili hilohilo. Msimbo wake uko wazi. Usome, utaona kichwa cha faili kimepangwaje na jumla ya hakiki (checksum) inakokotolewaje. Ukibadilisha baiti bila kuikokotoa upya, faili limeharibika.

Kasoro ya njia hii: faili la sasisho halibebi mipangilio iliyohifadhiwa wala ROM ya ndani ya prosesa. Kwa kutafuta fonti huvihitaji.

Jeti_Mokowe
Kwa Clip+ sina neno. Hicho cha Qur'ani hakina mtengenezaji wa kumwomba faili, kwa hiyo kifungue, ukate waya wa betri, usome maandishi ya chipu kabla ya kuamua lolote:

– Chipu moja tu kubwa yenye alama ya JL (kampuni ya JieLi), hakuna ya miguu minane: mara nyingi fleshi (kumbukumbu inayohifadhi programu) imo humohumo ndani na msimbo umesimbwa. Klipu haina pa kushika. Achana nacho.
– Ipo ya miguu minane iliyoandikwa 25Q-kadhaa: klipu.
– Chipu pana yenye miguu mingi pande mbili: hiyo ni NAND, aina nyingine ya fleshi. Kila ukurasa wa baiti 2048 una baiti 64 za ziada za kusahihisha makosa. Usipoziondoa, binwalk (zana ya kutafuta vilivyomo ndani ya faili) haitakuonyesha kitu cha maana hata kama umesoma sawasawa.

Ngomeni_7
Shekhe, mbona umeiruka USB? Chomeka huku umebana kitufe, kisha angalia lsusb (amri ya Linux ya kuorodhesha vifaa vya USB). 10d6:10d6 ni prosesa ya kampuni ya Actions katika ADFU, hali yake ya kuokolea. Namba zinazoanza na 2207 ni Rockchip, mtengenezaji mwingine wa prosesa. Kisipoonekana chochote, badilisha waya kwanza. Nyingi za dukani ni za kuchaji tu, hazina nyaya za data.

Jeti_Mokowe
Sikuiruka, naiweka baada ya klipu. ADFU yenyewe hupokea programu ndogo kwenye RAM, na hiyo ndiyo husoma fleshi. Usipokuwa na inayolingana na prosesa yako, umeishia mlangoni. Rockchip nayo hutaka kipakizi (loader) kwanza (kwa zana ya rkdeveloptool: db ya kukipakia, halafu rl ya kusoma), na unachopata ni sekta zilivyopangwa na kipakizi, siyo fleshi ghafi.

Shela_MLD
Klipu nayo ina visirani vyake. CH341A nyingi za bodi nyeusi hutoa volti 5 kwenye nyaya za data hata kama mguu wa 8 unapata 3.3. Pima kwa testa kabla ya kushika chipu. Angalia na herufi za mwisho: W25Q64JV ni ya volti 3.3, W25Q64FW ni ya 1.8 na lazima adapta ya kushusha volti.

Waya mwekundu uende mguu wa 1, wenye kidoa. Huko kwenu kwa chumvi ya bahari miguu huota kutu ya kijani. Isugue kwa brashi na isopropili hadi ing'ae, la sivyo utasoma FF tupu na kudhani chipu imekufa.

Soma mara mbili kwa flashrom, kisha linganisha alama za mafaili mawili kwa sha256sum:

flashrom -p ch341a_spi -r a.bin
flashrom -p ch341a_spi -r b.bin
sha256sum a.bin b.bin

Alama hizo zikitofautiana, mara nyingi umeme wa klipu umeiamsha prosesa nayo inagombania nyaya zilezile. Inua mguu wa 8 peke yake kutoka kwenye bodi, usome tena. Hapo hata blowa huihitaji.

Fundi_Langoni
Shukrani dada. Nimekifungua: fleshi ni 25Q64JVSIQ, prosesa inaanza na ATJ213.

Jeti_Mokowe
Basi klipu. Volti 3.3, na faili litoke baiti 8,388,608 kamili; pungufu ya hapo flashrom imeitambua chipu vibaya. Ukilipeleka Ghidra (programu ya kuchambua msimbo) chagua aina ya prosesa MIPS, siyo ARM, maana familia ya ATJ213x ni MIPS.

Ngomeni_7
Na kwa clppa.bin ndiyo ARM, v5t, little endian. Tafuta 18 F0 9F E5 zilizojirudia: ni jedwali la vekta za ARM, msimbo unaanzia hapo. Fonti utaziona haraka zaidi ukilifungua faili kama picha ya biti moja kwa pikseli na kuvuta upana hadi herufi zisimame wima. Kwa Kiarabu tarajia kila herufi kuwa na maumbo hadi manne, kwa hiyo jedwali litakuwa refu kuliko alfabeti.