Kampuni ya boti imetuuzia safari ya mfereji ambao ulishafungwa, na hela hawataki kurudisha

Wakuu habari zenu. Naandika nikiwa na hasira kwelikweli, siku ya nne hii sijalala vizuri, kwa hiyo mtanivumilia kama nitarukaruka.

Mimi nipo Bradford, England, mwaka wa tisa sasa. Mama yangu kaja kutoka Tanga mwezi wa sita, mara yake ya kwanza kutoka nje ya nchi, na anarudi tarehe 24 Agosti. Tangu Februari nilikuwa nimepanga kitu kimoja tu cha maana cha kumfanyia: wiki nzima kwenye boti, mimi, mke wangu, watoto wawili na yeye, kwenye mfereji wa Leeds and Liverpool. Mama magoti yanamsumbua, kutembea milimani hawezi, nikaona boti ndiyo itakayompitisha mashambani akiwa amekaa na chai yake mkononi. Spidi yenyewe mwisho ni maili 4 kwa saa, mtu anayetembea kando anakupita.

Na nilipanga vizuri jamani, hilo ndilo linaloniuma. Kwanza nilijifunza kwamba boti za futi 70 haziingii kwenye loki za huku, ni fupi, nikachagua ya futi 58. Loki ni vile vyumba vya maji vyenye milango mikubwa mbele na nyuma, unaingiza boti, unafunga nyuma, unafungulia maji ya juu yanaingia, boti inapanda na wewe ukiwa ndani, ndiyo ngazi za kupandia mlima. Kutoka Skipton, tunapoanzia, unakutana nazo 6 pale Gargrave, 6 Bank Newton, halafu 3 za mwisho Greenberfield, jumla 15, ukimaliza hizo upo kileleni. Nilipiga hesabu ya dakika 20 kwa kila maili na dakika 20 kwa kila loki, nikapata masaa kama 10 au 11 ya mwendo hadi kijiji cha Foulridge, nikayagawa siku 3 ili mama asichoke. Ramani tumeibandika ukutani jikoni, kila kituo cha kulala nimekizungushia peni nyekundu.

Foulridge ndiyo ilikuwa safari yenyewe. Pale kuna handaki la mita 1,500 hivi, boti inapita gizani chini ya mlima, na mwaka 1912 ng'ombe mmoja anaitwa Buttercup alitumbukia kwenye mfereji akaogelea handaki zima mpaka akatokea upande wa pili mzima, watu wakamnywesha pombe apate nguvu. Binti yangu ana miaka 7, hiyo stori nimeirudia nadhani mara hamsini, kachora ng'ombe na boti, kambandikia bibi yake ndani ya kipochi cha paspoti.

Sasa sikilizeni. Jumatatu napiga simu kuuliza tu maegesho ya gari, dada wa kwenye simu ananiambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mnajua loki za juu zimefungwa?" Nikamwambia sijui, zimefungwa tangu lini? Eti maji hakuna, mabwawa yameshuka, zimefungwa muda mrefu tu.

Nikaenda kuangalia mwenyewe. Ni kweli, Canal & River Trust, hao ndio wasimamizi wa mifereji tangu 2012, walishatangaza wazi. Machi mpaka Mei 2025 England ilikauka kuliko ilivyowahi kukauka kwa zaidi ya miaka 100, na mfereji huu kileleni unategemea mabwawa, kila boti inayopanda au kushuka inateremsha chumba kizima cha maji ambacho hakirudi juu tena. Bwawa likiisha loki zinapigwa kufuli. Hapo sina ugomvi na Trust wala na mvua. Mvua ni ya Mungu.

Ugomvi wangu ni huu: kampuni ilikata salio langu, pauni 1,120, katikati ya Juni. Loki zilikuwa TAYARI zimefungwa. Imeili ya kuniambia "asante tumepokea malipo yako yote" ninayo, imeandikwa "mnatarajiwa Jumamosi tarehe 9 Agosti, safari njema ya Foulridge". Ya Foulridge! Wameandika wao! Mtu anayekaa pale kando ya mfereji, boti zake zimefungwa kamba pale pale, ananiuzia njia ambayo anaiona kwa macho yake kwamba haipitiki na bado anakata hela. Kama angeniambia siku ile ningeahirisha, ningempeleka mama sehemu nyingine, leo tarehe zimeisha na kila kitu cha Agosti kimejaa au bei imepanda mara mbili.

Meneja naye kanijibu kwamba masharti yanasema kufungwa kwa mfereji siyo jukumu lao, jambo lisilotarajiwa. Lisilotarajiwa vipi? 2010 mfereji huu huu ulifungwa maili kama 60 kwa ukame, kutoka Wigan mpaka Gargrave, na mwaka huu tangazo lilikuwepo kabla hawajachukua salio. Wanachotoa ni "njia mbadala": boti ile ile, bei ile ile, tuzunguke kwenye zile maili 17 tambarare kati ya Gargrave na Bingley. Hakuna loki hata moja huko. Kuna madaraja ya kuzungusha, tena mengi, unashuka, unafungua kufuli, unasukuma daraja zima kwa mgongo huku magari yanakusubiri, halafu boti ipite, halafu ulirudishe. Mimi lazima nishike usukani, mama hawezi, watoto hawawezi, kwa hiyo ni mke wangu peke yake anasukuma madaraja wiki nzima, na yeye katoka kufanya zamu za usiku hospitali mwezi mzima ili apate hiyo likizo. Hiyo siyo safari tuliyoinunua. Nikaomba basi wapunguze angalau nusu. Hapana. Nikiahirisha mwenyewe, napoteza yote, advansi ya pauni 360 na salio.

Mama nilimwambia jana jioni. Akasema, "Mwanangu usigombane na watu, tutakaa nyumbani tupike." Halafu akaenda chumbani, na nilipopita mlangoni nikamwona kakaa kitandani anakitazama kile kikaratasi cha ng'ombe.

Kwa hiyo ninagombana nao. Advansi nililipia kwa kredit kadi, na nimesoma kwamba kwa sheria ya mikopo ya 1974, kifungu cha 75, benki ya kadi nayo inawajibika kama huduma siyo ile uliyouziwa, bei ikizidi pauni 100, hata kama kwenye kadi ulilipa sehemu tu. Salio lilitoka kwenye debit. Barua benki nimeshaipeleka leo asubuhi, nimeambatanisha imeili yao ya Foulridge na tangazo la kufungwa loki lenye tarehe yake.

Ninachotaka kutoka kwenu wakuu: kuna mtu hapa UK ameshadai kwa kifungu hicho akiwa ameweka advansi tu kwenye kadi, na wakamrudishia mpaka lile salio la debit? Walichukua muda gani? Na kama kuna mnayemjua mwenye boti ya watu watano kwenye mfereji wenye maji, Yorkshire au hata Cheshire, kuanzia tarehe 9 mpaka 22 Agosti, hata siku tatu tu, niandikieni pembeni leo leo. Kama kuna handaki njiani nitaongeza hela.